Hadubini ya Kuonyesha Wageni

Mwaka juzi walikuja kwangu vijana wawili wa kamati ya shule kuniomba nikae jukwaani siku ambayo kampuni moja ingekabidhi vifaa vya sayansi. Ningepewa kanga mpya yenye nembo ya kampuni, kiti cha mbele na soda ya baridi, na kama ningependa ningesema maneno mawili ya shukrani kwa niaba ya wazee. Nikawauliza vifaa hivyo vikishapokelewa vitakaa wapi. Mmoja wao akajibu, tena kwa fahari, kwamba mwalimu mkuu ameshaagiza kabati la vioo lenye kufuli. Niliwaambia waende zao kabla sijatamka maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hatakiwi kuyatamka mbele ya watoto wa watu. Waliondoka wakinong'ona kwamba bibi huyu uzee umemwendea vibaya.

Uzee haujaniendea vibaya. Nina hasira, na hayo ni mambo mawili tofauti. Hasira yenyewe ni ya siku nyingi. Ilianza nikiwa darasa la saba, katika kijiji kimoja kati ya Kilwa na Mchinga ambacho sitakitaja, kwa sababu watu wake wengi bado wapo na baadhi yao ni ndugu zangu. Nataka kuieleza mara moja, kwa kirefu, ili nisiombwe tena kukaa jukwaani.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani na kupangwa kwenye viwanja vilivyonyooshwa kwa kamba, kila nyumba ikitazama mgongo wa nyumba nyingine. Mikorosho ya babu ilibaki kule tulikotoka, na mama aliondoka alfajiri kwenda kuokota korosho, akarudi jua limeshakuwa kali na kikapu kichwani. Baba alikuwa amefariki nikiwa mdogo. Shule tuliijenga wenyewe: wanaume walifyatua matofali, wanawake na sisi watoto tulibeba maji. Nusu ya siku tulisoma, nusu tulilima shamba la shule, maana elimu ilikuwa ya kujitegemea na sisi tulijitegemea kwa jembe.

Somo nililolipenda lilikuwa sayansi. Mwalimu wetu wa somo hilo alikuwa kijana wa Kimakonde kutoka Newala, mpya kabisa kutoka chuoni, na kwa kuwa hakuwa na kifaa hata kimoja, alichora. Alichora moyo, figo, pampu ya maji, ua la mbaazi likiwa limekatwa katikati. Chaki zikiisha alichora kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma ya darasa, na mwalimu mkuu akamgombeza kwa kuchafua ukuta. Nilikuwa naongoza darasa katika somo lake. Aliyenifuata alikuwa kiranja wetu mkuu, mvulana mwenye sauti nzuri ya kujibu maswali, aliyeweza kukariri ukurasa mzima bila kukosea hata nukta.

Kampuni iliyotufikia ilikuwa ya wageni waliokuwa wakitafuta mafuta chini ya ardhi. Walipiga kambi karibu na pwani, wakafyeka njia iliyonyooka kupita katikati ya mikorosho ya watu, na kila baada ya hatua kadhaa walitoboa shimo, wakalipua baruti ndani yake na kuandika kitu kwenye karatasi zao. Watu walinung'unika. Mzee mmoja aliyepoteza mikorosho mingi alikwenda mpaka wilayani, akarudi na ahadi tupu. Muda si mrefu baada ya manung'uniko hayo tukasikia kwamba kampuni imeamua kuisaidia shule yetu kwa vifaa vya sayansi. Nilikuwa mtoto, sikuyaunganisha mambo hayo. Watu wazima waliyaunganisha na wakanyamaza.

Siku ya kukabidhi, mwenyekiti wa tawi la Chama alihutubia. Huyu ndiye aliyetusomesha kwa miaka kwamba mabepari ni kupe, wananyonya damu na kunenepa. Siku hiyo kupe walikuwa wamekaa kwenye viti vya mkono, kwenye kivuli, wanakunywa madafu, na mwenyekiti akawaita marafiki wa kweli wa maendeleo yetu. Tuliimba, tukapiga makofi, tukaimba tena. Kisha sanduku likafunguliwa mbele ya watu wote, na hapo nakiri kwamba nilisahau kila kitu kingine. Kulikuwa na mirija ya kioo, taa ndogo ya spiriti, mizani yenye visahani vya shaba, sumaku, chupa za dawa zenye vifuniko vya nta, na hadubini. Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na kitambaa kidogo laini cha manjano, ambacho mwalimu mkuu alikiokota na kukitia mfukoni.

Mkuu wa wale wageni akasimama, afisa wa wilaya akamtafsiria. Alisema watarudi kabla ya mwaka kwisha kuona tunavyoendelea. Mwanafunzi atakayeonyesha kwamba ameelewa kuvitumia vifaa hivyo, kampuni itamsomesha sekondari Dar es Salaam, mchepuo wa sayansi, mpaka amalize. Watu wakapiga vigelegele. Mama alikuwa amekaa na akina mama wa kamati ya shule, na nilimwona ananitafuta kwa macho kati ya watoto wote wale waliovaa sare za aina moja.

Msomaji wa leo huenda asielewe uzito wa maneno yale. Kutoka shule yetu, mwaka mzuri serikali ilichukua mtoto mmoja kwenda sekondari, na miaka mingine haikuchukua hata huyo mmoja. Waliobaki walirudi kwenye jembe, na wasichana waliolewa. Dada yangu alikuwa ameshaolewa upande wa Tingi na alikuwa na mtoto mgongoni kabla sijajua kuandika vizuri. Kwangu mimi nafasi ile ilikuwa mlango pekee niliowahi kuonyeshwa, na mama alijua hivyo kuliko mimi. Alianza kuwaambia watu kisimani kwamba mwanawe atakwenda Dar es Salaam kusomea mambo ya madawa.

Sasa nieleze jinsi tulivyofanya, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu inapokosa mtu mmoja wa kumshika. Nyumbani kwetu, kama nyumba zote za pwani hii, chini ya kitanda cha mama kulikuwa na kasha la vyombo vya wageni. Sahani za kaure zenye maua, mabakuli, vikombe vyenye visahani vyake. Sisi tulikula kwenye bati na mbao. Vyombo vile vilitoka siku ya Idi, au akija mkwe, au kukiwa na maulidi, na mtoto aliyevigusa siku nyingine alikula kofi. Kuvitumia kila siku kulikuwa utovu wa adabu, maana ungempa mgeni nini siku akija? Basi kamati ya shule ilipokaa kujadili vifaa vya sayansi, hakuna aliyeona ajabu. Vitu vya heshima vililetwa na wageni, na wageni wamesema watarudi. Fundi akatengeneza kabati lenye kioo, likawekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, akina mama wakashona kitambaa cha kufunikia, na ufunguo ukaning'inia kwenye mkanda wa mwalimu mkuu pamoja na ule wa stoo ya mahindi.

Mwalimu wa sayansi aliomba ufunguo. Najua kwa sababu nilikuwa nafagia ofisi siku hiyo.

"Mwalimu mkuu, watoto wanatakiwa wavishike. Wageni watawapima kwa kuvitumia."

"Na ukivunjika mrija mmoja tu, mwalimu, wafadhili wakija utawaambia nini?"

"Nitawaambia umevunjika tukijifunza."

"Utawaambia wewe? Nitakayeulizwa ni mimi. Wachoree ubaoni. Kuchora unajua."

Akatuchorea. Ubao mzima ukawa hadubini, kila sehemu na jina lake: lenzi ya jicho, lenzi ya chini, meza, skrubu, kioo cha kuakisi mwanga. Pembeni alichora duara, na ndani ya duara ngozi ya kitunguu kama inavyoonekana kwenye hadubini, akaandika chini yake kwamba chembe hai za kitunguu zimepangwa safu kwa safu, kila moja na kiini chake. Tuliinakili, tukaikariri. Aliendelea kuomba ufunguo mara moja moja, kisha akaambiwa kwamba walimu wanaobishana na uongozi huhamishiwa kule barabara inakoishia, naye akaacha kuomba. Nilikuwa napita ofisini makusudi ili niitazame kupitia kioo cha kabati. Ilikuwa hatua chache tu kutoka mkononi mwangu, na hata ingekuwa Ulaya ingekuwa sawasawa.

Mvua za vuli zilipoanza ikaja habari kwamba wageni wako njiani. Mwalimu mkuu akaita akina mama wa kamati waje kusafisha vifaa, na wasichana wa darasa la saba tuwasaidie. Hiyo ndiyo siku pekee niliyovishika. Tulikaa kwenye baraza la shule, tumetandika mikeka, na mwalimu wa sayansi alikuwa shambani na darasa la sita wanapalilia. Mimi nilipewa mirija. Niliiosha kwa sabuni mmoja mmoja, nikaisuuza, nikaipanga juani, nikajua uzito wake na unene wa midomo yake, na sikuwa nimewahi kuona kitu chochote kikichemka ndani yake.

Mama alipewa hadubini, kwa kuwa hakuna mwanamke kijijini aliyejua kung'arisha chombo kama mama. Sufuria zake zilikuwa zinaweza kutumika kama kioo cha kujitazamia. Siri yake haikuwa siri: majivu yaliyochekechwa, maji kidogo, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Alisugua shaba, akasugua skrubu, akasugua meza. Kisha akaigeuza juu chini na kuichungulia.

"Hapa pana doa," alisema.

Jirani yetu aliyekaa naye akasogea. "Liko wapi, shoga?"

"Hapa kwenye kijicho cha chini. Tazama. La zambarau."

Lilikuwepo kweli. Ukikigeuza kile kioo kidogo kwenye mwanga kilionyesha rangi ya zambarau, hafifu, kama alama inayobaki kwenye kitambaa baada ya kufuliwa. Leo najua kwamba rangi ile ilipakwa kiwandani kwa makusudi ili mwanga upite vizuri. Wakati ule hakuna hata mmoja wetu aliyejua, na mwanamke wa heshima hawezi kumtolea mgeni chombo chenye doa. Mama akachukua majivu kwenye ncha ya kidole, akaweka makumbi, akasugua. Doa lilikuwa bishi. Akasugua zaidi, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama anavyofanya akiwa amekazania jambo, mpaka rangi ikatoka yote. Akainua ile hadubini juu ili wenzake waone, na wenzake wakamsifu. Mwalimu mkuu alitoka ofisini akaitazama, akavua miwani yake na kuifuta kwa kile kitambaa laini cha manjano, akaivaa tena na kuitazama vizuri. Alisema hata Wazungu wenyewe watashangaa.

Wageni walifika mchana, wamechelewa kwa sababu ya matope. Mkuu wao hakuwa yule wa kwanza. Huyu alikuwa kijana zaidi, amevaa kaptula, amefuatana na mtu wa kamera na yule afisa wa wilaya. Waliimbiwa, wakanyweshwa chai kwenye vikombe vya wageni vilivyokusanywa nyumba kwa nyumba. Kisha wakaletwa darasani. Hadubini ilikuwa mezani karibu na dirisha, inawaka kwa kung'aa, na wazazi walijaa mlangoni na madirishani kushuhudia. Mama alikuwa dirisha la pili, mbele kabisa.

Mwalimu wa sayansi akaambiwa aandae. Alibandua ngozi ya kitunguu, akaiweka kwenye kipande cha kioo, akainama kuchungulia. Akazungusha skrubu. Akachungulia tena, akageuza kioo cha chini kuelekea dirishani, akazungusha tena. Nilikuwa namtazama usoni na niliona jasho linamtoka kwenye paji. Halafu akasimama wima, akarudi nyuma hatua moja na kusema kwamba tayari. Tayari. Neno hilo nimelifikiria miaka mingi, na kila nikilifikiria natamani nimpate nimtikise mabega.

Nikaitwa wa kwanza kwa kuwa nilikuwa naongoza. Niliinama nikaweka jicho kama alivyotufundisha, jicho moja wazi na jingine wazi pia. Niliona weupe. Ukungu mzito mweupe, na ndani yake mikwaruzo mirefu inapishana. Nikazungusha skrubu polepole mbele, kisha nyuma. Ukungu ulikuwa uleule.

"Mgeni anauliza unaona nini," afisa akasema.

"Sioni kitu. Naona ukungu."

Afisa hakutafsiri. "Angalia vizuri, binti."

Nikaangalia vizuri. Nilijua ninachotakiwa kusema. Kilikuwa kimeandikwa ubaoni wiki nenda wiki rudi, ningeweza kukisema usingizini. Lakini mwalimu wetu alikuwa ametuambia, na hili alilisema siku ya kwanza kabisa, kwamba sayansi ni kusema unachokiona. Nami nilimwamini. "Bado naona ukungu," nikasema, "na michoro kama ya kukwaruza."

Mwalimu mkuu akakohoa. "Mtoto ana haya mbele ya wageni," akamwambia afisa. Afisa akasema kitu kwa Kiingereza na yule kijana wa kaptula akatabasamu, tabasamu la upole, la kumwonea mtoto huruma. Tabasamu lile lilinikera kuliko kofi.

"Mwambie aangalie mwenyewe," nikasema.

Afisa akanitazama kama mtu aliyekanyagwa mguu. "Nenda ukakae," akasema.

Nikaenda nikakaa. Akaitwa kiranja. Aliinama, akakaa hapo kwa muda wa kupumua tu, akanyanyuka na kusema kwa ile sauti yake nzuri: "Ninaona chembe hai za kitunguu. Zimepangwa safu kwa safu, kila moja na kiini chake." Afisa akatafsiri haraka na kwa furaha. Yule kijana akampigia makofi, watu wa madirishani wakapokea, akina mama wakapiga vigelegele. Mgeni na kiranja wakasimama kando ya hadubini, mkono kwa mkono, na mtu wa kamera akapiga picha nyingi. Mrija mmoja ulijazwa chai ya rangi ili picha ipendeze. Halafu afisa akakumbusha kwamba mto utajaa kabla hawajavuka, wakaondoka.

Mgeni yule hakuinamisha kichwa hata mara moja. Alisafiri nusu siku kwenye matope kuja kutazama hadubini, akaitazama kwa nje. Kama angeweka jicho lake pale kwa muda wa kufumba na kufumbua, angejua kwamba kati ya watoto wawili mmoja amesema kweli. Hakuhitaji. Alikuja kuchukua picha na mtoto anayefurahisha, akapata vyote viwili, na nina hakika kwao ilihesabiwa kuwa safari ya mafanikio.

Watu walipotawanyika mwalimu wa sayansi aliniita. Alikuwa amefungua lenzi ya chini na kuishika kwenye mwanga wa dirisha. Uso wake wa kioo ulikuwa umechakaa wote, mweupe, kama chupa iliyosuguliwa na mchanga wa ufukweni.

"Nani amesugua hii?" akauliza.

Hakuhitaji jibu, maana chembechembe za majivu zilikuwa bado zimekwama kwenye ukingo. Akasema atakwenda kwa mwalimu mkuu waiandikie kampuni ili nipimwe tena. Nikamuuliza kama itabidi amtaje aliyesugua. Akasema itabidi, la sivyo wataonekana wanamtetea mtoto wao. Siku zile neno hujuma lilikuwa jepesi midomoni mwa viongozi. Bwana mmoja wa kijiji cha Pande alikuwa amewekwa ndani kwa trekta la kijiji lililoharibika mikononi mwake, na hakuwa amekusudia chochote. Nilimfikiria mama amesimamishwa mbele ya mwenyekiti wa tawi akiulizwa kwa nini ameharibu mali ya umma. Nikamwambia mwalimu aache.

Akaacha. Aliacha upesi mno, bila kuniuliza mara ya pili, na upesi ule sijamsamehe hadi leo. Kiranja akaenda Dar es Salaam. Kabla ya kuondoka nilimfuata nikamuuliza aliona nini. Akatazama chini. "Ulitaka niseme nini, mbele ya watu wote wale?" Simchukii. Alifanya alichofundishwa, na shule nzima ilimfundisha hivyo. Lakini hajawahi kupata pongezi kutoka kwangu na hatazipata.

Nyumbani mama hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza. Alinikalisha kwenye kibao uani, akanishika kidevu na kuuelekeza uso wangu juani, akanitazama jicho moja na kisha jingine.

"Yanakuuma?"

"Hayaniumi, mama."

"Toka lini huoni vizuri?"

"Naona vizuri."

"Mwanangu, mwenzako ameona," alisema kwa upole. "Si kosa lako. Ungeniambia mapema tungetafuta dawa."

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno: ni wewe, mama, ni majivu yako. Alikuwa bado ameshika kidevu changu, na vidole vyake vilikuwa na nyufa za kusugua. Nikaufunga mdomo.

Akanipeleka zahanati. Mganga akanisomesha herufi ukutani, nikazisoma zote mpaka za chini, akasema macho haya ni mazima. Mama hakumwamini. Alinipeleka Tingi kwa dada, ambako kulikuwa na mwanamke anayeosha macho kwa maji ya majani, na nikaoshwa, yakawasha, yakavimba, jambo lililomthibitishia kwamba yalikuwa na ugonjwa. Kisha akaninyang'anya vitabu. Hakufanya kwa ubaya. Alivifunga kwenye kanga yake na kuviweka kwenye lile kasha chini ya kitanda ili nisiendelee kuyachosha macho kwa maandishi madogo. Nilifanya mtihani wa mwisho bila kusoma ukurasa hata mmoja, na serikali haikunichukua.

Nimewahi kuambiwa na watu wenye elimu kwamba hasira yangu haina haki, kwamba angalau kampuni ilileta kitu. Walileta kitu na hawakuleta mtu. Hawakumwacha hata mmoja wao siku mbili akae na akina mama kwenye baraza lile awaambie hiki hakisuguliwi. Walikuwa na watu wa kutosha kulipua baruti kwenye mikorosho yetu, kila siku, kwa miezi. Na wetu, wenye ufunguo kiunoni, walijua kabisa kwamba watoto watapimwa kwa vitu ambavyo hawajavigusa, wakaona heri watoto waaibike kuliko mrija uvunjike. Wote hao waliendelea na maisha yao. Mwalimu mkuu alipandishwa cheo.

Ulipokuja mpango wa elimu kwa wote, wakawa wanatafuta walimu hata kwa waliomaliza la saba, nikajiunga. Nimefundisha maisha yangu yote. Nimesahihisha madaftari kwa taa ya koroboi mpaka nikastaafu, na miwani sikuwahi kuvaa. Mama aliona hayo yote na hayakumbadilisha. Kila nilipokwenda kumsalimia aliniuliza macho yanaendeleaje. Sindano ya kushonea alimpa mtoto wa jirani amtungie uzi, nikiwa nimekaa hapo hapo. Watu waliokuja kuniposa ujanani aliwaeleza kwa uaminifu kwamba binti yake ana kasoro ya macho, wasije wakasema amewaficha. Hadubini iliendelea kukaa kabatini, na mama aliendelea kwenda kuing'arisha kila wageni walipotarajiwa, kwa kuwa hakuna aliyejua kung'arisha kama yeye.

Mara nyingi nilikusudia kumwambia. Nilipokuwa kijana niliona atafungwa, nilipokuwa mtu mzima niliona ataumia, na alipozeeka niliona haina maana tena. Kila umri ulikuwa na sababu yake na zote zilionekana nzuri.

Ugonjwa wake wa mwisho ulimkuta masika. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu, na akili yake nzima kabisa. Alasiri moja akaomba asomewe Yasini. Nilitawadha, nikaketi kwenye mkeka karibu na kitanda chake, nikafungua msahafu. Nilikuwa nimekwisha kusema bismillahi aliponyoosha mkono wake akauweka juu ya ukurasa, akaufunika.

"Wewe usijitese, mwanangu," alisema. "Macho yako. Mwite mwenye kuona asome."

Nikamwita binti wa jirani, nikampa msahafu, nikasogea pembeni nikasikiliza.